Waliohesabiwa Tatu

"…hapana yule mama, wewe ndiyo naharibu," anasema Margarita, na Kasimiro ananyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi kubwa, "Soma sheria namba mbili, mwezeshaji hapana sema wewe, nasema mimi," na Margarita anavuta pumzi kwa pua, "Sawa, mimi nahisi wewe iko mjinga," nami nimesimama ukutani na kalamu nene mkononi, kifuniko chake nimekishika kwa meno, nangoja waseme kitu kinachoandikika, maana hii ndiyo wanaiita tathmini ya mwisho wa kikao, watu wameshakwenda kwao, tunabaki sisi watatu na viti na kujiuliza nini kilikwenda vizuri na nini kingeweza kwenda vizuri zaidi, hakuna kilichokwenda vibaya, neno vibaya limekatazwa, mzungu wa semina ya Arua alilikataza kwa siku kumi na mbili, mchana hawa wawili wanakula wali na nyama, jioni wanajifunza kutosema vibaya, kisha wakapanda gari wakaja Koboko kutufundisha kuongea, sisi, watu wa Koboko, ambao tangu tulipokimbia vita kwenda Sudan hadi tuliporudi hatukuwa na kingine cha kutumia isipokuwa mdomo… "Mimi nasikia yule mama natukana sisi pale mlangoni," anasema Kasimiro, "mimi iko na masikio," na Margarita anacheka, "Masikio yako ya Adumi, baba, yeye alisema Kikakwa, wewe nasikia Kikakwa tangu lini," nao wanageuka kunitazama, kwa sababu mimi ndiyo Kikakwa chao, mimi ndiyo masikio yao, Kasimiro ni Mlugbara wa Adumi na Margarita ni Mmadi wa Moyo, wanagombana kwa Kiswahili kwa kuwa hawana lugha nyingine ya kugombania, na mimi nimeajiriwa kukaa katikati ya kila mtu na kila mtu. "Afisa, alisema nini?" anauliza Kasimiro, Afisa ni jina langu, si cheo, na mimi naonyesha kifuniko kilicho kati ya meno yangu, kama vile nitajibu nikikitoa, kama vile si mimi niliyekiweka hapo, na Margarita anasema mwache kwanza amalize kuandika yaliyokwenda vizuri, na Kasimiro anakubali, maana kitabu chao chenye jalada la buluu kinasema anza na mazuri, hata nyumba ikiwa inaungua nadhani unaanza na mazuri, moto una rangi nzuri, andika. Naandika, WATU WALIKUJA KWA WAKATI, ishirini na wanne, hilo ni kweli, walikuja kabla ya wakati, walioambiwa saa tatu walifika saa mbili na kukaa nje ya darasa hili ambalo paa lake liliibwa tukiwa Sudan na sasa limefunikwa turubai ya buluu, ya buluu kama kitabu, kila kitu chao ni cha buluu, hata uso wa Kasimiro ukiwa chini ya turubai unakuwa wa buluu kama wa mtu aliyezama… naye anazungukazunguka sasa kati ya viti, amefunga mikono nyuma, lakini mbele za watu hatembei hivyo, mbele za watu anachuchumaa, hiyo ni mbinu, mwezeshaji ashuke awe sawa na watu, basi mzee Pitia alipoongea asubuhi juu ya ng'ombe zake Kasimiro alichuchumaa mbele yake kama mtu anayetafuta shimo la panya, akapindisha kichwa upande, hiyo nayo ni mbinu, akasema mm, akasema mm tena, na mzee Pitia aliposema tulikula majani, Kasimiro akasema, "Mlikula majani?" na mzee akadhani hajasikia, akarudia kwa nguvu, tulikula majani, na Kasimiro, "Mm, mlikula majani," na mzee Pitia akanigeukia akaniuliza kwa Kikakwa kama huyu kijana ana ugonjwa wa sikio au wa kichwa, na mimi nikamtafsiria Kasimiro kwamba mzee anashukuru kwa kusikilizwa, na Kasimiro akasema asante kwa kushiriki. Hivyo ndivyo ninavyotafsiri. Miezi mitatu sasa ninawalisha hawa wawili uji laini, wanakunywa, wanaandika ripoti, na mimi kila jioni narudi nyumbani nikiwacheka peke yangu njia nzima, kwa sababu mimi nilifika kidato cha pili katika shule ya kambi kule Yei, nilikuwa wa tatu darasani na wa kwanza kwa jiografia, na kama vita vya Sudan visingefika kambini mwaka wa themanini na sita sasa ningekuwa namaliza kidato cha nne, na huyu Kasimiro, nimeona mwandiko wake, anaandika r kama v, na sheria zote tano pale ukutani ni za mkono wangu, mkono wangu ndio ulionipa kazi, HAKUNA JIBU BAYA, SEMA MIMI USISEME WEWE, ANAYESHIKA UZI NDIYE ANAYEONGEA, KIMYA KIHESABIWE HADI KUMI, KINACHOSEMWA HAPA KINABAKI HAPA, na hiyo ya mwisho ndiyo inanichekesha kuliko zote, kwa kuwa kinachosemwa hapa mimi nakiandika, naye Kasimiro anakipeleka Arua kwa gari. Gari liko nje. Linaondoka tukimaliza. Na ndani ya mfuko wake wa ngozi bandia, ule pale juu ya kiti, iko barua, nimeiona, imepigwa taipu, kwa mkuu wa shule ya wasichana kule Arua, msichana Afisa binti Mariam Poni ni mwaminifu na mwenye akili, apewe nafasi ya kidato cha tatu, shule inafunguliwa Jumatatu, mambo yote yamo isipokuwa sahihi, na sahihi ataiweka leo baada ya tathmini, alisema hivyo jana na juzi pia alisema, huwa anaipiga sahihi hiyo kwa maneno tu kila siku… "Mimi naona hivi," Kasimiro anasema sasa, sauti imekuwa laini, sauti ya kitabu, "yule mama iko na kidonda ndani, vita iliingia ndani yake, hapana toka, ndiyo maana anafunika kichwa, anakataa kushika uzi, kisha natukana, mimi taandika mama mmoja wa kundi la tatu iko mkali, nakataa mazungumzo, asiitwe tena mpaka apate msaada," na Margarita anasema, "Asiitwe? Mutu moja nafunika kichwa basi asiitwe?" na Kasimiro, "Alivuruga kundi lote," na Margarita, "Kundi lako, mimi kundi langu liliimba," na ni kweli kundi lake liliimba, kundi lake siku zote linaimba, Margarita hajui mbinu nyingine, akiona mambo yanakuwa mazito anaimbisha, au analia, wanawake wakisimulia jinsi walivyozika watoto njiani yeye ndiye wa kwanza kutoa leso, wao wanamtuliza yeye, siku moja mama mmoja alikatiza habari ya mwanawe aliyekufa ili akamletee dada Margarita maji ya kunywa, na jioni kwenye tathmini Margarita akasema leo tulifikia jambo kubwa. Mama mkali, kidonda ndani. Huyo mama ni mama yangu, nao wanajua ni mama yangu, wanaongea juu yake mbele yangu kama watu wanaoongea juu ya ng'ombe mbele ya fimbo, kwa kuwa wakati wa kazi mimi si binti ya mtu, mimi ni kalamu. Mama hakuweza kuongea, anasema, mama yangu… pale kwenye kizuizi cha barabara karibu na mto Kaya, tukirudi, askari alifungua furushi lake akakuta vitabu vyangu, akauliza nini hii, na mama ambaye hajui herufi moja akamtazama usoni akasema, "Dini," akavitoa kimoja kimoja, kwa heshima, kwa mkono wa kulia, akamwekea askari cha juu mkononi, kitabu changu cha jiografia chenye picha ya mgodi wa shaba, akamwambia akilaani hicho atatokwa na majipu mpaka kwa wajukuu, na askari akakifunga haraka akatupa njia, na vyombo vyetu alivichukua, sufuria alizichukua, vitabu vikavuka mto juu ya kichwa cha mama. Huyo ndiye asiyeweza kujieleza, na huyu wa kuchuchumaa atamfundisha… hapa Kasimiro amesimama mbele ya viti vya kundi la tatu, bado viko kama vilivyokuwa, sita, magoti kwa magoti, hiyo ndiyo mbinu yake anayoipenda kuliko zote, watu wakae karibu mpaka wasikie joto la mwenzao, na uzi wa katani uko chini hapo, umejisokota miguuni mwa viti, na anasema, "Hapa alikaa yule mama, hapa yule mwanaume, wote wawili walikataa, mmoja anageuza kiti anatazama ukuta kama mtoto wa shule, mwingine nafunika kichwa, Margarita, wewe nambie, hii hapana uadui? Hawa wawili iko na kisa, labda huyu ni askari wa zamani, labda alifanya kitu," na mimi nauma kifuniko cha kalamu mpaka plastiki inalia, kisa, ndiyo, wana kisa, huyo mwanaume ni Sule, ni mume wa dada yangu Kiden, ni mkwe wa mama, Kasimiro, mtu yeyote anayepita barabarani angekwambia, mtoto wa miaka mitano angekwambia, na kwenu Adumi pia mkwe haketi goti kwa goti na mama wa mke wake, nimesikia Walugbara wanaficha uso hivyo hivyo, lakini wewe ulipoingia kwenye semina ile uliacha mama mkwe wako nje ya mlango pamoja na viatu. Uliwaweka wakakaa bega kwa bega, ukampa Sule uzi, Sule mwenye ndevu zenye mvi, aliyetembea toka Yei amembeba Kiden mgonjwa mgongoni, na Sule akashika uzi kama mtu aliyeshika nyoka, na wewe, sitasahau, wewe ukachuchumaa ukasema, "Sasa mpe mama uzi, mpe tu, mama hapana uma," ukacheka, na kundi lote likatazama chini, mzee Pitia kwenye kundi la pili naye akatazama chini, na Sule akageuza kiti chake taratibu akatazama ukuta, hiyo ndiyo heshima pekee iliyokuwa imebaki kwake ndani ya darasa lako, na mama akavuta kitenge kikafunika uso mpaka kifuani, na wewe ukahesabu kimya mpaka kumi, nilikuona midomo ikicheza, moja, mbili, nikakuona unafurahi, kumi, ukauliza kwa sauti laini, "Mama, unajisikiaje sasa hivi?" ukanigeukia nitafsiri, na mimi… Mimi nilitafsiri. Nilisema kwa Kikakwa, mama, anauliza unajisikiaje. Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Ningeweza kusema mama ondoka tu nitamwambia tumbo linakuuma, ningeweza kusema mwalimu hawa ni wakwe, maneno manne, lakini jana Kasimiro alisema mkalimani mzuri ni kama dirisha, na leo ni Ijumaa na barua iko mfukoni na dirisha halisemi. "Labda mama alikuwa nauma tumbo," Margarita anasema sasa, ananitazama mimi, ananikonyeza kidogo, kumbe na yeye amekiona kitu, au ameona uso wangu, "Afisa, mdogo wangu, alisema tumbo nauma, siyo? Andika tu tumbo, tutafunga kikao, gari iko nangoja," na Kasimiro anakuna shingo, nami naona kabisa kwamba hata yeye angefurahi na tumbo, tumbo si kosa la mwezeshaji, tumbo halina mbinu, tumbo litaingia kwenye ripoti kwa mstari mmoja na mama ataitwa tena wiki ijayo na sahihi itawekwa na Jumatatu nitavaa sketi ya kijani ya shule… ni rahisi namna hii, wote watatu tunataka tumbo. Nawadharau. Nimewadharau miezi mitatu na imekuwa kama chakula, nalala nimeshiba, nikiwadharau najiona bado niko darasani Yei mstari wa mbele na mwalimu Angelo ananiita ubaoni, wao hawajui, mimi najua, wao hawajui na mimi najua… najua. Hilo ndilo neno. Tangu walipoanza kugombana nalizunguka kama mbuzi anavyozunguka kigingi. Kasimiro hakujua. Ni mjinga, lakini hakujua, aliona watu ishirini na wanne ambao kwake ni watu tu, akasema, "Afisa, wahesabu, moja mpaka nne, gusa bega, usichague, mwezeshaji hachagui," na mimi nikaanza, mkono wangu, huu wenye kalamu, moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, na mama alikuwa wa saba, nikamgusa bega nikasema tatu, akanitazama na kutabasamu, maana ilikuwa mara ya kwanza kuniona nikiwapanga watu wazima, alijinyoosha kidogo, aliona fahari, na mimi nikaendelea, upande wa wanawake ukaisha nikaingia upande wa wanaume, kumi na tano, kumi na sita, nikafika kwa mzee Pitia ambaye alikuwa wa kumi na nane, mbili, na baada yake alikuwa Sule, na nikajua kabla mkono haujafika, nilikuwa wa tatu darasani, mimi hesabu naijua, nilijua huyu anaingia kwenye tatu na mama yumo kwenye tatu, na wakati ulikuwepo, kimya chote cha Kasimiro cha kuhesabu hadi kumi kilikuwepo, ningeweza kumruka nikaanza na yule anayefuata, nani angeona, ningeweza kusema kwa sauti hapana, huyu aende kwingine. Nikagusa bega lake. Sijawahi kumgusa Sule bega. Nikasema tatu, na niliisema kama Kasimiro anavyosema, laini, kwa sauti ya kitabu. Na ni mimi kati ya watu wote, maana miaka hii yote tangu Kiden aolewe, kambini na hapa, mimi ndiyo nimekaa kati yao, ile siku ya mahari mama alikaa nyuma ya ukuta wa majani akasema maneno yake kwangu nami nikayabeba mpaka kwa Sule na kurudi, siku nzima, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Afisa mwambie mkwe wangu binti huyu hapendi kupigiwa kelele, Afisa mwambie mama nimesikia, na mpaka leo ni hivyo, Afisa mwambie baba wa watoto wa Kiden chumvi imeisha, Afisa mwambie mama ua limeanguka nitakuja kulijenga kesho asipokuwepo, na mama anaondoka kesho yake kwenda shambani mapema ili Sule ajenge ua kwa amani, hakuna aliyewahi kuchuchumaa, hakuna uzi, na hawajawahi kukosa kusikilizana hata siku moja, na aliyefanya kazi hiyo bila semina ni mimi, nilikuwa hodari, kisha nikapewa kalamu nikawakalisha magoti kwa magoti kwa ajili ya kidato cha tatu… "Binti," anasema Kasimiro, "usiogope, hakuna jibu baya," na sasa hivi kweli nataka kucheka lakini hakuna wa kumcheka, nawatazama, viatu vya Kasimiro vina vumbi, soli ya kushoto imeshonwa kwa waya, sikuwahi kuiona, Margarita amekaa sasa na kuanza kuukunja uzi wa katani kwenye kiganja, taratibu, kama mtu aliye kwake, na nje dereva amewasha injini na kuizima, na tumbo bado liko hapo, neno fupi, linangoja niliandike. Mama alipoinuka na kufika mlangoni uzi uliomponyoka Sule ulikuwa umemnasa kifundo cha mkono, hakuukata, aliufungua kwa kitenge bado usoni, akauweka chini kwa adabu, kisha akasimama na mkono kwenye fremu na akasema, si kwa ukali, Kasimiro, ulisikia ukali kwa sababu ulitaka kuusikia, alisema polepole kwa Kikakwa na alijua ni nani peke yake aliyesimama mbele ya karatasi angeweza kuyaandika maneno yake, na kundi lote la tatu likasikia, na Sule ukutani alisikia, na kesho Koboko nzima itakuwa imesikia, ni nyinyi wawili tu bado. Natoa kifuniko mdomoni. "Alisema nini?" anauliza Kasimiro tena, na Margarita anasema, "Tumbo," na mimi nageukia ukuta, chini ya yaliyokwenda vizuri napiga mstari, na chini ya mstari naandika VIBAYA, neno lililokatazwa, nasikia Kasimiro anavuta pumzi, labda anahesabu, nami naandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko ule ule mzuri, ili wasome wenyewe wala nisitafsiri tena, maneno ambayo mama yangu aliyasema pale mlangoni: "Mgeni hana kosa. Aliyenihesabu ni mwanangu."